Tone la Damu na Homa ya Mtoto: Kipimo cha CRP Kinaweza Kusema Nini

Mazungumzo haya kuhusu afya ya watoto yaliandaliwa kwa ajili ya wakazi wa Todonyang. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wa kaunti nzima, kuanzia Lodwar hadi Kakuma.



Mbuzi anapoanza kukohoa, mfugaji wa Turkana hakimbilii sindano kabla ya kutazama. Anamkagua macho, pua, mdomo na kinyesi. Akiona ni loukoi, ugonjwa wa mapafu, anajua kuna dawa inayoweza kusaidia. Akiona ni lomoo, ile sotoka ya mbuzi, machozi na makamasi yanatiririka, mdomo una vidonda na mnyama anaharisha, anajua kwamba hakuna sindano inayoua ugonjwa wenyewe, maana chanzo chake ni virusi. Mlipuko mkubwa wa mwaka 2006 ulianzia hapa Turkana, na waliopoteza mifugo wakati ule hawahitaji kukumbushwa. Kinga ya lomoo ni chanjo.

Kwa mtoto mambo ni magumu zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye homa inayotokana na virusi vya mafua na mtoto wa mwaka mmoja ambaye bakteria wameanza kuingia kwenye damu yake wanaweza kufanana kabisa usiku wa kwanza. Wote wawili mwili unawaka. Wote wanalia, wanakataa uji, wanakohoa kidogo. Mmoja atapona baada ya siku tatu au nne hata asipopewa dawa yoyote ila maji, maziwa ya mama na ya kushusha joto. Mwingine asipopata antibiotiki mapema anaweza kufa.

Swali la mazungumzo ya leo ni hilo: muuguzi aliye peke yake kwenye zahanati, mbali na maabara kubwa, atawatenganishaje watoto hawa wawili?

Zamani jibu lilikuwa rahisi, ingawa halikuwa sahihi. Kila homa iliitwa malaria. Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kutoboa kidole na kusubiri mistari, na wahudumu wa afya ya jamii wengi wanakifahamu. Kipimo hicho kilileta faida kubwa, lakini kilileta pia tatizo ambalo halizungumzwi sana. Kikisema mtoto hana malaria, mama anauliza, "Sasa ana nini?" Muuguzi hana jibu. Hataki mama aliyetembea kilomita nyingi kwenye jua arudi mikono mitupu, na yeye mwenyewe anaogopa kukosea. Anatoa antibiotiki.

Si kosa la muuguzi huyo pekee. Jirani zetu wa Tanzania walilichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2008, watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakatafuta chanzo cha homa ya kila mmoja kwa vipimo vingi kuliko vinavyopatikana katika kliniki ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Takriban watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria walikuwa kama wawili kati ya kumi. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja tu kati ya kumi. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, lakini kati ya hao, ni watano tu katika kila mia ambao picha ya eksirei ilithibitisha kwamba wana nimonia.

Kwa hiyo watoto wengi wenye homa hawahitaji antibiotiki, na wachache wanazihitaji sana. Hao wachache ndio wanaotafutwa.

Hapa ndipo tone la damu linapoingia. Mwili ukishambuliwa, ini hupokea habari na kuanza kutengeneza protini fulani kwa wingi na kuimwaga kwenye damu. Mojawapo huitwa CRP. Iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na watafiti wawili, Tillett na Francis, waliokuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa nimonia. Waliona kwamba damu ya mgonjwa akiwa mahututi ilikuwa na kitu kinachonasa kipande cha ganda la bakteria wa nimonia, na mgonjwa akipona kitu hicho kinatoweka. Mtu mzima wa afya huwa nayo kidogo sana, kwa kawaida chini ya miligramu 10 katika lita moja ya damu. Bakteria wakishambulia kwa nguvu inaweza kupita 100, hata 200. Virusi vingi huipandisha kidogo tu, ingawa si vyote.

Ili kuelewa CRP, mtu wa Todonyang hahitaji darasa la sayansi. Afikirie vumbi la mifugo. Ukiwa umesimama kwenye tambarare, ukaona vumbi kubwa limepanda upande wa ziwa, unajua kundi kubwa linapita. Huwezi kujua kutokana na vumbi peke yake kama ni mbuzi au ngamia, wala ni wa nani. Lakini vumbi kubwa halitoki kwa mbuzi wawili. CRP ni vumbi hilo. Inaonyesha ukubwa wa vurugu iliyomo mwilini. Haitaji jina la aliyeisababisha.

Mfano huu unafaa kwa jambo jingine pia. Kundi likiwa ndio kwanza limetoka bomani, vumbi bado halijapanda. CRP huanza kupanda saa kama sita baada ya mwili kushambuliwa, na hufika kileleni baada ya siku mbili hivi. Mtoto aliyeanza kuchemka jioni akapimwa usiku huohuo anaweza kuonyesha kiwango cha chini ilhali hatari inakuja. Na kundi likishapita, vumbi halitui mara moja. Ila likitulia, linatulia haraka: ugonjwa ukishadhibitiwa, CRP hupungua kwa nusu katika muda usiozidi siku moja. Ndiyo maana hospitalini madaktari wanaweza kuipima tena ili kujua kama dawa inafanya kazi.

Kuna alama nyingine inayoitwa prokalsitonini. Mwaka 1993 madaktari wa Ufaransa walieleza kwamba inapanda sana kwa watoto wenye maambukizi makali ya bakteria, na kwamba ya virusi huipandisha kidogo tu. Inapanda haraka kuliko CRP, ndani ya saa chache. Lakini kipimo chake ni ghali zaidi na mara nyingi kinahitaji hospitali kubwa. Kwa mtoto aliyezaliwa jana au juzi, hupanda yenyewe bila ugonjwa wowote, kwa hiyo lazima asomaye majibu ajue umri wa mtoto kwa saa, si kwa siku. Hesabu ya chembe nyeupe za damu, ambayo wengi wamewahi kuandikiwa hospitalini, nayo husaidia, lakini huwakosa watoto wengi walio wagonjwa kweli.

Kipimo kinachotaja jina la bakteria ni kuotesha damu maabara. Damu huwekwa kwenye chupa maalumu na kusubiriwa bakteria waote. Kinachukua siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Hospitali ya Kilifi, kwa ushirikiano na watafiti wa KEMRI, ilifanya kazi hiyo kwa watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Iligundua kwamba zaidi ya robo ya watoto waliofariki hospitalini hapo walikuwa na bakteria kwenye damu waliotoka nao nyumbani. Na kati ya watoto waliokufa wakiwa na bakteria hao, mmoja kati ya watatu alifariki siku ileile aliyofikishwa hospitalini. Chupa zao zilikuwa hazijajibu. Kilifi kuna barabara na kuna hospitali yenye maabara. Kutoka Todonyang hadi Lodwar, hata ndege ikiruka moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 150, na watu hawasafiri kwa mabawa.

Ndiyo sababu kipimo cha dakika chache, kwa tone la damu la kidole, kinavutia sana katika maeneo kama haya.

Je, kinasaidia kweli? Hapa tena Dar es Salaam inatupa ushahidi. Kati ya 2014 na 2016, katika kliniki tisa za jiji hilo, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa, wenye umri wa miezi miwili hadi chini ya miaka mitano, waliingizwa kwenye utafiti. Nusu walitibiwa kwa mwongozo uliomo kwenye tableti, unaotegemea dalili na kipimo cha malaria. Nusu nyingine walitibiwa kwa mwongozo mpya ulioitwa ePOCT, ambao pamoja na dalili ulitumia kifaa cha kupima oksijeni kidoleni, wingi wa damu, sukari, na zile alama mbili, CRP na prokalsitonini. Mtoto mwenye homa isiyo na chanzo kinachoonekana alipewa antibiotiki kama CRP ilifika 80 au prokalsitonini ilikuwa juu.

Katika kundi la ePOCT, watoto 11 au 12 kati ya 100 ndio walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza. Katika kundi lile jingine, karibu 30 kati ya 100. Na katika huduma ya kawaida ya kliniki, bila mwongozo wowote, walikuwa karibu 95 kati ya 100. Hao 95 wanastahili kurudiwa, kwa sababu kliniki nyingi za Afrika Mashariki, zikijiangalia kwenye kioo, zitajiona humo.

Lakini kupunguza dawa si sifa kama watoto wanaumia. Watafiti waliwafuatilia hadi siku ya saba. Watoto ambao hali yao haikutengemaa au ilizidi kuwa mbaya walikuwa 2.3 kati ya 100 kwenye kundi la ePOCT, na 4.1 kwenye kundi jingine. Maana yake, waliopewa dawa chache zaidi ndio waliopona vizuri zaidi. Haikuwa miujiza. Mwongozo uliwapa dawa watoto waliozihitaji, wakiwemo baadhi ambao macho peke yake yangewapita.

Sasa, Todonyang si Dar es Salaam, na si haki kuwaambia wakazi nusu ya habari. Watoto wa utafiti ule walirudi kliniki siku ya tatu kuangaliwa tena, na mama aliyeona mtoto anabadilika alikuwa karibu na kliniki. Mama ambaye adakar yao inahama kesho kufuata malisho hana nafasi hiyo. Kwa mama huyo, kauli ya "mrudishe akizidiwa" ni rahisi kutamkwa kuliko kutekelezwa. Muuguzi anayepima CRP akaona iko chini lazima aulize kwanza familia inalala wapi usiku huo, na nani atakayemleta mtoto.

Na kipimo chenyewe kina mahali kinapodanganya. Malaria pia hupandisha CRP, na prokalsitonini pia. Kwa hiyo hapa kwetu kipimo cha malaria hutangulia, na namba kubwa ya CRP kwa mtoto mwenye malaria haitoshi kuthibitisha kwamba bakteria wapo. Mtoto aliyeungua au aliyevunjika mguu ataonyesha vumbi pia. Kala-azar, ambayo iko Turkana na huanza kwa homa inayodumu wiki mbili au zaidi pamoja na kuvimba wengu, haigunduliwi kwa CRP. Wala homa ya maziwa yasiyochemshwa, ile inayotoka kwa mifugo. Mtoto mwenye homa ya wiki kadhaa anahitaji vipimo vingine kabisa, na familia isiridhike na tone moja la damu.

Jambo linalohitaji tahadhari kubwa zaidi hapa Turkana ni utapiamlo. Mtoto aliyekonda sana, ambaye mkono wake umeangukia kwenye rangi nyekundu ya utepe, mwili wake hauna nguvu ya kupiga kelele. Anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa. Anaweza hata kuwa baridi. Vumbi halipandi kwa sababu kundi lenyewe haliwezi kutembea. Kwa mtoto huyo wahudumu hawasubiri alama za damu. Miongozo ya matibabu ya utapiamlo mkali inataka apewe antibiotiki pamoja na chakula cha tiba tangu mwanzo. Mama asishangae mtoto wa jirani amekataliwa dawa na wake amepewa siku ileile kwenye zahanati ileile.

Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi miwili. Akiwa na homa, au akiwa baridi isivyo kawaida, au ameacha kunyonya, huyo ni wa kupelekwa kituoni sasa hivi, usiku au mchana. Hakuna namba ya CRP inayoweza kumwambia mzazi asubiri.

Na zipo dalili ambazo hazihitaji kipimo chochote kwa mtoto wa umri wowote. Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea, au haamki anapoitwa. Kifua kinazama ndani anapovuta hewa. Anapumua haraka: kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja ni mara 50 au zaidi kwa dakika, kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano ni mara 40 au zaidi. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kuhesabu pumzi chini ya mti, kwa saa ya simu, mtoto akiwa ametulia mapajani mwa mama. Kazi hiyo haina gharama na imeokoa watoto wengi.

Si kila zahanati ina kipimo cha CRP, na mama asiambiwe leo kwamba akifika atakikuta. Mahali kisipokuwepo, kuhesabu pumzi, kutazama kifua na kupima oksijeni kidoleni ndiko kunakoamua.

Bado kuna jambo la vidonge vilivyobaki. Katika nyumba nyingi, kuanzia fito za nyumba za hapa hadi vyumba vya mabati vya Lodwar na Kakuma, kuna karatasi yenye vidonge vichache vya amoksilini, au kile kidonge chenye rangi mbili kinachouzwa dukani kimoja kimoja. Mtoto akichemka, anapewa nusu. Joto likishuka kesho yake, sifa zote huenda kwa kidonge, ingawa joto lile lingeshuka lenyewe. Wakati mwingine kidonge hichohicho hupewa mbuzi. Bakteria wanaoguswa na dawa kidogo bila kuuawa wote hujifunza kuishi nayo, na wanaosalia ndio watakaomkuta mtoto yuleyule, au nduguye, siku ya ugonjwa wa kweli. Hapo muuguzi atatoa dawa sahihi kwa kipimo sahihi, na haitafanya kazi. Hospitali itahitaji dawa ya sindano iliyo ghali zaidi, ambayo iko mbali zaidi. Nusu kidonge kile pia huvuruga uchunguzi: damu iliyokwisha kuguswa na antibiotiki inaweza isioteshe chochote kwenye chupa, hata bakteria wakiwa bado wamo.

Njia bora kuliko vipimo vyote hivi ni kumzuia bakteria asiingie. Kenya ilianza kutoa chanjo dhidi ya bakteria aina ya Hib mwaka 2001, na chanjo ya nimonia mwaka 2011. Kilifi walipofuatilia miaka iliyofuata, maambukizi makali ya aina za bakteria wa nimonia zilizomo kwenye chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo hizo hutolewa bure, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Familia inayohama inaweza kuendelea na ratiba hiyo kituo chochote cha umma ndani ya kaunti au nje yake, mradi kitabu cha mama na mtoto kiwe mkononi. Anayekosa siku asione haya kwenda siku nyingine.

Mwisho, kwa wale watakaomleta mtoto mwenye homa wiki hii au wiki ijayo, muuguzi atauliza maswali, na majibu ya mzazi yana uzito sawa na tone la damu. Homa ilianza lini: jana jioni, juzi asubuhi, kabla ya mbuzi kurudi au baada? Saa hizo ndizo zitakazoamua kama namba ya chini inaaminika au mtoto apimwe tena kesho. Amepewa dawa gani nyumbani, hata kama ni nusu kidonge, hata kama ilitoka dukani au kwa jirani? Hakuna atakayegombezwa kwa kusema. Kama karatasi ya vidonge ipo, iletwe. Kitabu cha kliniki kiletwe. Na baba au mjomba atakayebaki na simu aachiwe maagizo, ili mtoto akibadilika usiku, bodaboda ijue mapema inaelekea wapi.